Biashara inayoishi kwenye neno "ila"

Simu iliyonifundisha hii kazi ya kukusanya maoni ya wateja nilimpigia mama mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, mteja wa duka la dawa, mwaka 2018. Nikamsalimia shikamoo mama, marahaba mwanangu hujambo, sijambo mama habari za nyumbani, njema tu, nikajitambulisha, nikamwambia namba yake nimepewa na duka na yeye mwenyewe alikubali kupigiwa, nikamuuliza huduma aliionaje. Nzuri. Kijana anayehudumia? Ana adabu sana. Bei? Za kawaida tu mwanangu, maisha ndo yamepanda. Naandika kwenye daftari nzuri, nzuri, kawaida, nshaanza na kumuaga kabisa, ndo mama akavuta pumzi akasema, "Ila mwanangu, pale hamna pa kukaa. Miguu yangu inavimba, nasimama nasubiri weee, siku nyingine naghairi napanda daladala naenda kununua mjini."

Dakika nne za simu, na kitu pekee mwenye duka alichohitaji kukijua kilikuja sekunde ya mwisho, baada ya hiyo ila.

Nikampelekea mwenye duka. Akashangaa, akasema lakini wote wananiambia huduma nzuri, nikamwambia ndiyo, na huyu pia kasema huduma nzuri. Wiki ile ile akamwita seremala akatengenezewa benchi la 45,000, likawekwa chini ya feni. Mi nikampigia tena yule mama, nikamwambia mama lile ulilosema limefanyiwa kazi, benchi lipo. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo walinisikia?"

Nimekaa na hilo swali miaka yote hii. Mtu mzima, amenunua dawa kwenye hilo duka kwa muda mrefu, na haikumwingia akilini kwamba neno lake linaweza kufika kwa mwenye duka na kitu kikabadilika. Pale ndo nilijua nataka kufanya hii biashara na sio nyingine.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi sa hivi wananiuliza jinsi ya kuanza biashara ya kukusanya maoni ya wateja, na karibu wote wanaanzia kwenye programu, nitumie programu gani, nimtafute nani anitengenezee, itagharimu shilingi ngapi. Nawaelewa, maana hadithi tunazozisoma ni za programu. Mi mwenyewe nilianza na simu ya tochi, daftari la kaunta buku, na namba 60 za wateja alizonipa yule mwenye duka baada ya kuwaomba ruhusa mmoja mmoja pale kaunta. Programu ilikuja mwaka wa tatu. Ila hizo hadithi za wakubwa zina mambo ya kujifunza ukizisoma vizuri, ngoja nizigusie.

Qualtrics wale wa Marekani. Scott Smith alikuwa profesa wa masoko pale Brigham Young University, Utah, akaugua saratani ya koo, mwanae Ryan akarudi nyumbani kuwa naye, na katika kile kipindi cha matibabu wakawa wanaijenga ile programu ya mzee ya kutengeneza madodoso, kwenye chumba cha chini cha nyumba yao mjini Provo. Ilikuwa 2002. Hawakuanza kwa kuyafuata makampuni makubwa, walianza na watu wa vyuo, maprofesa na wanafunzi wa utafiti, yani watu ambao kuuliza maswali ndo kazi yao ya kila siku. Wale wanafunzi wakamaliza, wakaajiriwa, wakafika makazini wakawa wanaitaka ile ile waliyoizoea chuoni. Miaka 10 hawakuchukua hela ya mwekezaji wa nje, mpaka 2012 walipochukua dola milioni 70, na Novemba 2018, siku chache tu kabla hawajaingia soko la hisa, SAP, kampuni ya programu ya Ujerumani, ikatangaza kuwanunua kwa dola bilioni 8. Watu wanaikariri hiyo bilioni 8. Mi naikariri hiyo ya vyuo. Ukitafuta mteja wa kwanza usimtafute mwenye hela nyingi, mtafute ambaye tayari hapati usingizi kwa kutaka majibu.

SurveyMonkey, wale wa madodoso ya mtandaoni, nao hivo hivo, Ryan Finley aliianzisha 1999 kule Wisconsin, akakaa nayo ndogo tu karibu miaka 10, ndo 2009 wawekezaji wakaja wakanunua sehemu kubwa. Muda mrefu wa udogo. Sijaona mtu anayeusimulia huo muda na mi naona ndo utamu wenyewe ulipo.

Halafu kuna wale wa Ufini, HappyOrNot, walianza 2009. Hawa ndo wale wa kimashine cha vitufe vinne vyenye sura, kijani iliyochanua kabisa mpaka nyekundu iliyonuna, unapita uwanja wa ndege unabonyeza kimoja unaenda zako. Hakuna jina, hakuna namba ya simu, hakuna kusoma, sekunde moja. Naikubali sana hii kazi maana waligundua kwamba mtu hana muda, na kwamba ukimpunguzia kazi ya kujibu watajibu maelfu. Kinakuonyesha kwamba Jumatatu saa 3 asubuhi watu walinuna. Walinuna kwa nini, hakijui. Utaenda mwenyewe uangalie Jumatatu saa 3 kuna nini, pengine foleni, pengine zamu imepungua watu. Ni kama mbwa anayebweka, anakuambia kuna mtu getini, kumfungulia ni wewe.

Wa karibu yetu ni Ajua ya Nairobi, ambayo zamani ilikuwa inaitwa mSurvey. Kenfield Griffith, mtu wa kisiwa cha Montserrat kule Karibiani aliyesoma chuo cha MIT kule Marekani, aliianzisha 2012 kwa kutumia meseji za kawaida, zile za simu ya tochi, na badala ya kumtumia mtu dodoso zima wakawa wanamuuliza kama wanachati naye, swali, jibu, swali. Safaricom wakaja wakawekeza kupitia mfuko wao wa Spark, na 2019 jina likabadilika likawa Ajua. Hii kitu ya kuuliza kama mazungumzo mi naiona ni akili kubwa kwa huku kwetu, kwa sababu sisi hatulalamiki kwa fomu.

Na hapa ndo kwenye moyo wa ninachotaka kusema. Mswahili halalamiki moja kwa moja. Anaanza kwa salamu, anashukuru, anasifia kinachosifika, anaweka kidogo cha Mungu hapo, ndo anakuja na ila yake, na anaileta kama vile imeponyoka tu. Huo sio unafiki, ni malezi. Tumefundishwa usimwaibishe mtu, usiingie nyumbani kwa mwenzio ukaanza kutaja ufa wa ukuta. Sasa wewe unamletea fomu ya nyota tano au swali la ndiyo na hapana, anakujazia zile salamu, nyota tano zote, fomu inafungwa kabla hajafika kwenye ila. Mwenye biashara anafurahi, ripoti imejaa kijani, na mama wa watu kapanda daladala kaenda kununua kwingine.

Mfano mwingine ni lile swali maarufu la kutoa alama kati ya 0 na 10. Fred Reichheld wa kampuni ya ushauri ya Bain ndo alilileta kwenye jarida la Harvard Business Review mwishoni mwa 2003, kutoka 0 mpaka 10 uwezekano wa wewe kumpendekezea rafiki yako biashara yetu ni ngapi, wanaosema 9 na 10 ni wapiga debe wako, 7 na 8 ni vuguvugu, 6 kushuka ni wale watakaokusema vibaya, unatoa asilimia ya hawa kwenye asilimia ya wapiga debe unapata alama yako. Ni hesabu rahisi na mabosi wanaipenda. Nimelitumia mwaka mzima kwa mteja mmoja mwenye gereji Igoma, na kitu kikawa kinanisumbua, watu wanampa 7 halafu wanarudi kila mwezi na wanamletea na mashemeji zao. Nikaanza kuwauliza, baba, mbona saba? Mzee mmoja akanijibu akiwa serious kabisa, "Saba ya kumi ni asilimia sabini, hiyo si umefaulu vizuri? Kumi ni ya Mungu." Kichwani mwake ni mtihani wa shule. Kwa hesabu ya Reichheld huyu mzee ni vuguvugu, kwa gereji ni mteja dhahabu. Toka siku hiyo namba naichukua, ila simpelekei bosi namba bila sentensi yake.

Basi kazi yetu kwa vitendo ikoje. Tunapiga simu. Sehemu ngumu kuliko zote ni sekunde 10 za mwanzo, kwa sababu nchi hii kila mtu keshatumiwa ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo namba ngeni ikiita mtu anapokea akiwa kakunja uso tayari. Dawa tuliyoipata ni kwamba simu yetu isiwe ngeni. Keshia anamwambia mteja dukani, kuna dada atakupigia ndani ya siku tatu kuuliza tumekuhudumiaje, namba yake inaishia na hizi, hatakuuliza hela wala namba ya siri. Na kweli hatuulizi, na tukisikia mtu kasitasita tunamwambia kata, pita dukani uulize, tutapiga kesho. Wengi wanapita kuuliza kweli!

Twaweza, lile shirika la kiraia, walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, huku Bara walifanya kitu cha namna hiyo kwa ukubwa zaidi, walianza kwa kuwafikia watu majumbani, wakawapa simu na chaja ya sola, ndo baadaye wakawa wanawapigia kwa raundi. Anayejibu anamjua anayeuliza. Watu wakiniuliza kwa nini tusitume tu linki, nawajibu hivo. Linki haijawahi kumsalimia mtu.

Muda nao. Asubuhi usipige, mtu yuko kwenye kuhangaika. Kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 12 na nusu ndo wakati wetu, Ijumaa mchana tunaacha kabisa, Jumapili tunapiga baada ya watu kurudi kanisani na kula. Wasichana wetu, sa hivi wako sita, wiki ya kwanza hawapigi simu hata moja, wanakaa wanasikiliza, na kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kunyamaza. Mtu akisema "kila kitu kizuri tu", hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Usimsaidie, usimpe mfano, usiseme asante. Moja, mbili, tatu, na mara nyingi kwenye nne unasikia pumzi ikivutwa upande wa pili. Hiyo hapo inakuja.

Kulipwa nako kuna hadithi yake. Nilianza kwa kudai kwa kila simu, nikaona nafanya kosa, maana bosi akitaka kupunguza gharama anapunguza simu, na anapunguza za wateja walioacha kuja, ambao ndo wenye ila nzito. Nikahamia malipo ya mwezi, duka dogo nilikuwa nachukua 80,000, na nachagua mwenyewe wa kuwapigia, lazima theluthi yao wawe watu ambao hawajaonekana miezi miwili. Mteja mpya simwuzii kwa maneno. Namwomba namba 20, napiga wiki moja bure, halafu siendi na asilimia wala chati, naenda na sauti tano nilizoziandika neno kwa neno kama zilivyosemwa, nazisoma mbele yake. Wengine wanabadilika rangi. Asilimia mtu anaweza kubishana nayo, ila akisikia "yule kijana ananiita mama huku anaangalia simu yake" anamjua kijana, anaijua simu, anaanza kukuna kichwa.

Sasa niseme na lile ambalo linaniuma.

Kulikuwa na duka moja kubwa la vyakula, silitaji, nilikuwa nawafanyia kazi mwaka wangu wa pili. Wateja wakawa wanalalamika kitu kimoja, chenji. Ukidai 200 unapewa pipi, ukidai 100 unapewa kiberiti. Na walikuwa wanamtaja keshia kwa jina kwa sababu lilikuwa limeandikwa kifuani, binti fulani wa zamu ya jioni, nikayaandika yote kama nilivyoyasikia, neno kwa neno kama kawaida yangu, na jina lake ndani, mara 11. Nikapeleka ripoti Ijumaa. Jumatatu binti hayupo.

Nikaendelea kupiga, na pipi zikaendelea. Keshia mwingine, malalamiko yale yale. Ndo nikaenda kukaa pale dukani jioni moja nikaangalia droo ikifunguliwa. Noti za elfu kumi na elfu tano tupu, sarafu hamna. Kumbe bosi mwenyewe ndo alikuwa hawaachii chenji ya kuanzia zamu ya jioni, asubuhi wanapewa, zinaisha mchana, jioni keshia anabaki na pipi. Yule binti alikuwa anawapa watu pipi kwa sababu droo yake ilikuwa na pipi. Nikamrudia bosi nikamwambia, akasema ataangalia, chenji ikaanza kuwekwa, binti hakurudishwa, nafasi yake ilishajazwa. Nikamtafuta. Alipokea, nikajieleza mwanzo mpaka mwisho, nikaomba samahani. Akasema "sawa dada", akakata.

Nilikuwa nimeleta ila za watu bila kuuliza ila imetoka wapi. Mteja anaona mkono unaompa pipi, haoni droo, wala sio kazi yake kuiona, ilikuwa kazi yangu na sikuifanya. Toka hapo ripoti zetu hazina jina la mfanyakazi, hazina saa kamili ya zamu kama zamu ina mtu mmoja, na kila lalamiko likijirudia mara tatu mmoja wetu anaenda kwa miguu kuangalia kabla hatujaandika. Na tunawapigia wafanyakazi pia. Yule keshia angeulizwa na mtu angesema chenji hamna, sentensi moja tu, na angekuwa bado na kazi yake.

Na usichukulie kirahisi mambo ya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kuna Tume, na wewe unayeshika namba za wateja wa mtu mwingine inakuhusu, unatakiwa ujisajili. Kenya wao wana ya kwao ya 2019. Ila hata bila sheria fikiria tu duka la dawa. Simu yangu imepokelewa na mume, au na mtoto, au iko spika kwenye daladala, halafu mi nataja dawa aliyonunua? Hatutaji dawa kamwe, hatuombi hata duka lituambie, tunapewa jina la kwanza, namba, na siku aliyokuja, basi, na baada ya miezi mitatu tunafuta.

Kukua kulikuja hivo hivo polepole. Mwenye duka la dawa akamwambia shemeji yake mwenye gereji, wa gereji akamwambia muuza spea, wa spea akanipeleka kwa mwenye lodge. Sa hivi tuna wateja 14 na tunatumia programu, ndiyo, kupanga namba na kuhifadhi sauti, ila kitu ambacho hatujakigusa ni ile simu ya pili. Kila lililofanyiwa kazi, aliyelisema anapigiwa anaambiwa. Inatugharimu vocha na muda na hakuna mteja anayetulipia hiyo moja kwa moja, na nshaambiwa na mtu wa mahesabu tuikate. Sikati. Mtu uliyemrudishia jibu, mara ya pili hahitaji kuhesabiwa mpaka tano, akipokea tu anaanza mwenyewe, "Eeh dada, afadhali umepiga, sikia..."

Wiki iliyopita nilikuwa na mwenye hoteli mmoja, mkataba mezani, bei tumeshakubaliana na ilikuwa hela nzuri, kubwa kuliko ya mteja yeyote tuliyenaye. Akafika kwenye kipengele cha majina. Akasema hiki kitoe, mi nalipa nataka kujua ni nani. Nikamweleza habari ya droo na pipi. Akasikiliza vizuri tu, akasema nimekuelewa dada, lakini we nitajie tu pembeni, sio lazima iandikwe. Nikasema hapana. Akafunika kalamu yake.

Ijumaa tunaanza na muuza vifaa vya ujenzi wa Buhongwa, ana namba 112, na 40 kati yao hawajarudi dukani kwake toka mwaka jana. Tutaanza na hao 40, saa 10 jioni.